Kupanga teknolojia ya hifadhi ya kidijitali kwa miaka 5 ijayo: mwongozo kwa maktaba na vituo vya kumbukumbu vya Tanga

Ripoti ya mkonge mnayoiskani leo inatakiwa isomeke hata baada ya miaka 50. Programu inayoionyesha kwa wasomaji huhudumiwa na waundaji wake kwa miaka mitatu hivi, kisha wanaiacha na kuendelea na toleo jipya. Ndiyo maana mpango wa teknolojia hauanzi na swali la programu ipi ni bora. Unaanza na mali mliyonayo, kisha tarehe ya mwisho ya kila kipande kinachoibeba, kisha njia ya kuihamisha bila kupoteza kitu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa timu ndogo: mkutubi mmoja au wawili, fundi mmoja wa TEHAMA mwenye kazi nyingine nyingi, na seva moja. Mifano mingi ni ya DSpace, programu huria ya kuhifadhi kazi na kuzionyesha kwa wasomaji, kwa sababu vyuo vingi vya Tanzania vinaitumia, ila hatua zenyewe zinafaa hata kwa EPrints au programu nyingine huria.

Hatua ya 1: Hesabuni mali kabla ya kugusa programu

Tengeni siku mbili. Pitieni makabati, diski na kompyuta za ofisini, muandike aina ya kitu, idadi, na hali yake. Kisha geuzeni idadi kuwa ukubwa.

Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa rangi kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) unatoa pikseli 2,480 kwa 3,508. Kila pikseli huchukua baiti 3, kwa hiyo TIFF isiyobanwa ya ukurasa mmoja ni kama MB 26. Kurasa 10,000 za majalada ya mashamba ya mkonge ni GB 260. Mkipanda hadi dpi 400, ukurasa huohuo unafika MB 46. Sauti nayo: saa moja ya kanda ya taarabu ikiingizwa kwa WAV ya stereo, kHz 96 na biti 24, ni GB 2 na ushei. Kanda 300 za saa moja moja ni zaidi ya GB 600.

Andikeni tarakimu tatu tu: ukubwa wa leo, ongezeko la kila mwaka, na jumla baada ya miaka 5. Zidisheni jumla hiyo kwa 3, kwa kuwa mtahitaji nakala tatu. Hapo ndipo mtajua diski za kununua. Mipango mingi hukwama kwa sababu diski zilinunuliwa kwa kukisia, zikajaa mwaka wa pili.

Tenganisheni nakala mama na nakala ya kusomea. Nakala mama ni TIFF au WAV isiyoguswa. Nakala ya kusomea ni PDF au MP3 ndogo. Ushauri wetu ni kuingiza nakala za kusomea tu ndani ya DSpace, na nakala mama kuziweka kwenye diski zake kwa mpangilio wa BagIt. BagIt ni folda ya kawaida yenye faili zenu pamoja na orodha ya cheksamu, yaani namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili na inayobadilika hata herufi moja ikiharibika. Haihitaji programu maalumu kuifungua, na hilo ndilo la maana. Ndani ya DSpace, faili huwekwa kwenye folda ya assetstore kwa jina la tarakimu ndefu lisilo na kiambishi cha aina yake. Kanzidata ikipotea, mtabaki na maelfu ya faili zisizojulikana ipi ni ipi.

Hatua ya 2: Orodhesheni kila kipande na tarehe yake ya mwisho

Hifadhi si programu moja. Ni ghorofa: chini mfumo endeshi, juu yake Java (lugha iliyoandikiwa DSpace), Tomcat (seva inayoiendesha), PostgreSQL (kanzidata) na Solr (injini ya utafutaji), kisha DSpace yenyewe, na kwa matoleo ya kuanzia 7 kuna Node.js kwa ajili ya sura inayoonekana na msomaji. Kila tofali lina umri wake. Endesheni amri hizi, mnakili majibu kwenye jedwali:

`[dspace]/bin/dspace version`
`java -version`
`psql --version`
`node -v`

Mbele ya kila jibu andikeni tarehe ambayo msaada wa usalama unaisha. PostgreSQL huhudumia kila toleo kubwa kwa miaka 5: toleo la 13 liliisha Novemba 2025, la 14 linaisha Novemba 2026, la 16 Novemba 2028. Node.js ina umri mfupi kuliko vyote: 18 iliisha Aprili 2025, 20 inaishia Aprili 2026, 22 Aprili 2027. Ubuntu ya LTS, yaani toleo la mfumo endeshi linalohudumiwa muda mrefu, hupata miaka 5.

Kwa DSpace yenyewe, kanuni ya waundaji ni kuhudumia matoleo makubwa matatu ya karibuni. Toleo la 5 lilifikia mwisho Januari 2023, la 6 Julai 2023. Toleo la 7 lilitoka 2021, la 8 Juni 2024, la 9 mwaka 2025. Kwa mwendo wa karibuni wa toleo moja kwa mwaka, toleo lolote mnalosimika lina miaka mitatu. Tunapendekeza kupanda kila baada ya miaka miwili mkiruka toleo moja, kwa mfano kutoka 8 kwenda 10. Kupanda kila mwaka kunachosha timu ndogo. Kusubiri minne kunawaacha wazi bila viraka vya usalama.

Kama bado mko kwenye toleo la 6 lenye sura ya XMLUI au JSPUI, fahamuni kwamba sura hizo ziliondolewa kabisa kuanzia 7. Data itahama, lakini mapambo yote, nembo, rangi na kurasa mlizotengeneza vitaandikwa upya kwa Angular, mfumo wa kutengenezea kurasa za wavuti. Hesabuni kazi hiyo peke yake. Hapo ndipo muda mwingi huenda, siyo kwenye kanzidata.

Tofali moja likibadilika linaweza kuangusha jingine. DSpace 8 inataka Java 17 na Tomcat 10.1. Fundi akiiweka kwenye Tomcat 9 aliyoizoea haitawaka, kwa kuwa majina ya ndani ya Java yalihama kutoka javax kwenda jakarta. Kosa linaloonekana kwenye logi huenda lisioneshe waziwazi kwamba tatizo ni Tomcat, na watu hupoteza siku nzima wakitafuta tatizo kwenye kanzidata.

Hatua ya 3: Amueni kubaki au kuhama

Hili msilikalie muda mrefu. DSpace ilianzishwa 2002 na MIT pamoja na Hewlett-Packard. Imeandikwa kwa Java na inataka mashine yenye nguvu. EPrints, ya Chuo Kikuu cha Southampton tangu 2000, imeandikwa kwa Perl na hutosheka na mashine ndogo. Fedora 6 huhifadhi faili kwa mpangilio wa OCFL unaosomeka bila programu, lakini haina sura ya msomaji. Huvikwa kitu kama Islandora. InvenioRDM ya CERN ni ya Python na inafaa zaidi kwa takwimu za utafiti.

Kigezo chetu ni kimoja: kuna mtu anayefikika kwa basi la siku moja anayejua kuitengeneza? Chuo cha Dar es Salaam, Morogoro au Arusha chenye programu hiyohiyo ni bima kubwa kuliko sifa yoyote iliyoandikwa kwenye tovuti ya programu. Kama jibu ni DSpace, bakini na DSpace.

Hatua ya 4: Lindeni anwani za kudumu

Programu zitabadilika, anwani iliyoandikwa kwenye marejeo ya tasnifu haitabadilika. DSpace huipa kila kazi namba ya Handle. Ikisimikwa mara ya kwanza huja na kiambishi cha mfano, 123456789. Hifadhi nyingi zimeachwa na kiambishi hicho kwa miaka, na anwani zake hazifanyi kazi popote nje ya seva yenyewe, kwani kila aliyesimika DSpace anacho hichohicho. Sajilini kiambishi chenu cha kweli sasa, mlipe ada yake ya kila mwaka, kisha mbadilishe namba za zamani kwa amri ya `update-handle-prefix`.

Baada ya kusajili, fungueni mlango 2641 kwenye ukuta wa moto wa mtandao wa chuo. Ukifungwa, hifadhi itaonekana nzima mkiwa ndani, huku wasomaji wa nje wakibofya kiungo cha Handle na kuambulia kosa.

Jina la tovuti nalo lisajiliwe kwa jina la taasisi, si la fundi wala mkandarasi, na litumie kijina kisichotaja programu. Anwani inayoanza na "dspace." itawafunga siku mkitaka kuhama. Wekeni "hifadhi." au "hazina." badala yake.

Hatua ya 5: Metadata inayojua Kiswahili na Tanga

Metadata ni maelezo ya kazi: mwandishi, mwaka, mahali, lugha. Hapa ndipo hifadhi zetu hupoteza wasomaji, na fedha haziwezi kuziba pengo hili. Solr, injini ya utafutaji iliyo ndani ya DSpace, huja ikiwa imepangwa kwa Kiingereza: inajua kukata mwisho wa neno, haijui viambishi vya mwanzo. Msomaji akitafuta "mwalimu" hapati kazi yenye "walimu" peke yake. "Shamba" haileti "mashamba". Suluhisho la karibu ni faili la synonyms.txt la Solr. Andikeni mistari kama:

`mwalimu, walimu`
`shamba, mashamba`
`mvuvi, wavuvi, uvuvi`

Anzeni na maneno 200 yanayojitokeza sana kwenye vichwa vya kazi zenu. Mkutubi ndiye aandike orodha, siyo fundi.

Majina ya mahali yanahitaji uangalifu zaidi. Nyaraka za wakati wa Wajerumani zinaiita Lushoto Wilhelmsthal, na Bagamoyo huonekana kama Bagamojo. Katika dc.coverage.spatial, sehemu ya metadata ya mahali, andikeni yote mawili, jina la leo kwanza. Kwa dc.language.iso tumieni "sw" kila mahali. Hifadhi inayochanganya "sw", "swa", "Kiswahili" na "Swahili" itaonyesha lugha nne kwenye kichujio kimoja.

Majina ya watu: mtu huyohuyo huandikwa kwa majina mawili kwenye shahada ya kwanza na matatu kwenye uzamili. Amueni kanuni moja, kwa mfano jina la mwisho, koma, kisha mengine kwa ukamilifu, na ongezeni ORCID, namba ya kipekee ya mtafiti, kwa kila mtafiti aliye hai.

Kwa maandishi yaliyoskaniwa, Tesseract, programu ya kugeuza picha za maandishi kuwa maandishi, ina faili la lugha la Kiswahili liitwalo swa, na ina faili jingine la Fraktur, chapa ya zamani ya Kijerumani. Kiswahili kilichoandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu msikitegemee mashine ikisome. Wekeni picha pamoja na muhtasari wa herufi za Kilatini ulioandikwa na mtu anayeisoma hati hiyo, na mpange malipo yake kwenye bajeti.

Sura ya programu pia iwe ya Kiswahili. Tafsiri zote za DSpace 7 na kuendelea zimo kwenye folda ya `src/assets/i18n`, na Kiswahili hubeba msimbo sw. Mkitafsiri, rudisheni tafsiri kwa mradi wenyewe. Tafsiri inayobaki kwenye seva yenu mtaibeba mgongoni kila mnapopanda toleo. Iliyopokelewa na mradi itakuja yenyewe.

Hatua ya 6: Seva ikae wapi

Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ya Tanzania ikazorota kwa siku kadhaa. Hifadhi iliyokuwa kwenye seva ya kukodi Ulaya haikufikika kirahisi hata kwa mwanafunzi aliyekaa maktaba. Kwa upande wa pili, seva iliyo chumbani Tanga inapambana na umeme, joto na hewa ya chumvi. Mpango unaofaa ni wa sehemu mbili: seva kuu ndani ya nchi, nakala nje ya mji.

Mkiiweka wenyewe, chumba kisiwe upande unaopigwa na upepo wa bahari, wala kisiwe na dirisha linaloachwa wazi. Chumvi na unyevu hula miguu ya RAM na nafasi za diski, na dalili yake ni seva kujizima ovyo bila kosa kwenye logi. Kiyoyozi kiwe cha chumba hicho pekee, kwenye nyuzi 22 hadi 25, na maji yake yasidondoke juu ya kabati.

RAM iwe GB 16 kwa DSpace ya kuanzia 7. GB 8 huwaka, lakini siku ya kujenga sura ya Angular mtaona ujumbe "JavaScript heap out of memory". Tiba ya muda ni kuweka `NODE_OPTIONS=--max-old-space-size=4096` kabla ya kujenga.

Umeme: seva ya wati 150 na vifaa vya mtandao vya wati 30 ni wati 180. UPS yenye betri mbili za volti 12 na Ah 9 ina Wh 216. Kwa mzigo huo tegemeeni nusu yake, yaani dakika 35 hivi, na chini ya hapo betri zikizeeka kwa joto. Dakika hizo si za kuendelea na kazi. Ni za kuzima kwa adabu. Simikeni NUT au apcupsd, programu za kufuatilia UPS, iagizeni izime seva baada ya dakika 10 bila umeme. Solr ikikatwa ghafla inaweza kuharibu faharasa yake. Faharasa ya utafutaji hujengwa upya kwa `index-discovery -b`. Takwimu za usomaji haziwezi kujengwa upya kutoka kwenye kanzidata, kwa sababu zinakaa ndani ya Solr.

Jambo jingine la kupanga ni roboti za kukusanya data. Zinaweza kufungua maelfu ya kurasa za utafutaji kwa saa moja na kuiangusha Node. Hakikisheni `botCache` imewashwa kwenye mipangilio ya sura, na wekeni kikomo cha maombi kwenye seva ya wavuti, Nginx au Apache.

Hatua ya 7: Nakala za akiba

Nakala tatu, aina mbili za diski, moja ikiwa nje ya Tanga. Kila usiku chukueni `pg_dump` ya kanzidata kwanza, kisha assetstore kwa `rsync`. Mpangilio huo una sababu: mkianza na assetstore, kazi iliyoingizwa katikati itakuwa kwenye kanzidata bila faili lake. Kila Ijumaa ongezeni `solr-export-statistics` na folda ya mipangilio, hasa `local.cfg`.

Kutuma GB 260 kwa laini ya Mbps 10 ni saa 58 mfululizo. Nakala ya kwanza ibebeni kwa diski mkononi hadi kituo cha pili. Baada ya hapo mtandao utatosha kwa mabadiliko ya kila siku.

Mara moja kwa mwezi endesheni `dspace checker -l`. Inasoma kila faili na kulinganisha cheksamu yake na ile ya siku ilipoingizwa. Faili lililooza lisipogunduliwa mapema, rsync inaweza kulipeleka juu ya nakala nzima.

Hatua ya 8: Jaribio la kupanda toleo

Msipande kwenye seva inayotumika. Tengenezeni mashine pembeni, rejesheni nakala ya jana, kisha:

1. Simikeni toleo jipya na vipande vyake vyote kwa matoleo yaliyotajwa kwenye waraka wake, bila kukisia.
2. Hamisheni mipangilio kwa kuandika upya `local.cfg`; msinakili faili la zamani lote.
3. Endesheni `dspace database info`, halafu `dspace database migrate`. Mkitoka 5 au 6 kwenda 7, tumieni `database migrate ignored`.
4. Ingizeni takwimu kwa `solr-import-statistics`. Mkitoka chini ya 6, endesheni pia `solr-upgrade-statistics-6x`, kwa kuwa namba za ndani zilibadilika kuwa UUID, yaani namba ndefu za kipekee.
5. Jengeni faharasa: `index-discovery -b`, kisha `oai import -c`.

Kosa linalosumbua zaidi ni kushindwa kuingia baada ya kila kitu kuonekana kizima, na kivinjari kutoa 403. Karibu kila mara `dspace.ui.url` hailingani na anwani halisi: ina mkwaju mwishoni, au imeandikwa http wakati tovuti ni https. Rekebisheni, washeni Tomcat upya.

Pimeni saa zilizotumika kwa kila hatua. Jumla hiyo, ongeza nusu yake, ndiyo muda wa kuwatangazia wasomaji siku yenyewe.

Hatua ya 9: Jaribio la kuondoka

Lifanyike kila mwaka, hata kama hamna nia ya kuhama. Toeni mkusanyo mmoja wenye kazi 20:

`dspace export -t COLLECTION -i kiambishi/namba -d /tmp/toka -n 1`

Mtapata folda 20, kila moja na `dublin_core.xml`, faili la `contents` na nyaraka zenyewe. Zipelekeni kwenye kompyuta isiyo na DSpace, mpeni mkutubi asiye fundi, aulizwe: kazi hii ni ya nani, ya mwaka gani, faili lake linafunguka? Akikwama kwenye kazi tatu, tatizo liko kwenye metadata, na lirekebishwe kabla ya kuingiza kazi mpya.

Hatua ya 10: Karatasi ya mwisho

Mpango wote uingie kwenye kurasa mbili: jedwali la vipande na tarehe zake, tarakimu tatu za ukubwa, miezi ya kupanda toleo, na mistari ya bajeti ya Handle, jina la tovuti, betri za UPS na diski. Pandeni wakati wa likizo ndefu ya chuo, kamwe si mwezi wa kukusanya tasnifu.

Ambatisheni bahasha iliyofungwa yenye nywila za seva, akaunti ya usajili wa jina la tovuti, akaunti ya Handle, na barua pepe ya taasisi iliyotumika kusajilia. Bahasha moja ikae kwa mkuu wa maktaba, nyingine kwa uhasibu, na zifunguliwe na kuandikwa upya kila fundi anapobadilika.